Mjomba haoni vizuri, na pikipiki inanizimikia barabarani

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 41, na pikipiki ninayokuandikia habari zake ni rika langu. Ni ile kubwa ya safari ndefu: silinda 4, injini ya kupozwa kwa maji, shafti badala ya mnyororo, masanduku magumu ubavuni na kioo cha mbele kinachonifika usoni. Ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1980, na tangi likijaa uzito wake unapita kilo 300. Kampuni siitaji, maana sitaki mtu aniambie tatizo ni la kampuni. Nionavyo mimi, tatizo ni mjomba.

Mjomba ndiye aliyenilea. Amekuwa fundi kwa zaidi ya miaka 40. Pikipiki hii aliinunua nikiwa na miaka 11, imekufa kabisa, akaifufua kwenye banda la nyuma ya nyumba huku mimi nikimshikia taa. Miaka 3 iliyopita magoti yalimkatalia kuubeba ule uzito anaposimama, akanikabidhi funguo kwa sharti moja: "Mwanangu, mtu mwingine asiifungue." Nikakubali papo hapo. Tangu hapo kila Jumapili yuko bandani nayo.

Sasa sikiliza inachonifanyia. Nikishaendesha dakika 40 hivi kwenye barabara ndefu, inaanza kupoteza nguvu. Inakohoa, inavuta kidogo, inakohoa tena, halafu inazima. Taa zinabaki zinawaka. Nasogea pembeni, nafungua tangi kuangalia kama mafuta yamekwisha, nakuta yapo, nakaa dakika 15 au 20 nikinung'unika peke yangu, kisha nabonyeza stata na inawaka kana kwamba tulikuwa tunataniana. Mara ya mwisho ilinikuta nikiwa nalipita lori. Niliponea chupuchupu kurudi nyuma yake, na honi ya gari lililonifuata naisikia mpaka leo.

Mjomba amebadilisha plagi. Amefungua kabureta na kuzisafisha mara mbili. Ameweka rektifaya mpya, kile kifaa kinachougeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, na betri ni ya pili ndani ya miezi 14. Kila mara ananiambia, "Sasa imepona."

Jumapili moja nilimwona akitaka kupima mwanya wa plagi. Alikiinua kile kipimo cha vibamba kwenye mwanga wa mlangoni, akakigeuza, akakipeleka mbali, akakirudisha karibu na pua akitafuta namba. Mwisho akakitia mfukoni bila kukitumia. Akaigonga plagi taratibu kwenye ubao wa meza, akapitisha kidole gumba, akasema, "Tayari." Alipoifunga niliisikia hesi, ile mikato ya kuifungia, ikilia, akairudisha nyuma, akajaribu tena. Siku ya kabureta ilibaki skrubu moja ndogo kwenye trei. Nilipomwonyesha alisema ni ya zamani, akaifuta mikono kwa kitambaa na kwenda kunywa maji.

Wiki mbili zilizopita hakuwepo. Nikafungua kifuniko cha ubavuni na kufuata nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye injini. Pale panapotakiwa kuwa na soketi ya plastiki, nilikuta nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe mweusi. Utepe ulikuwa umegeuka ulimbo, shaba imekuwa nyeusi, na soketi ya zamani inaning'inia pembeni imeyeyuka kama mshumaa. Nilizisafisha, nikazisokota upya, nikazungusha utepe vilevile alivyozungusha yeye ili asijue. Kisha nikapima kwa testa: mizunguko 3,000 kwa dakika, taa kubwa ikiwaka, nilipata volti 12.9. Na jambo jingine, nikiinua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono, lina ugumu, hasa nikitoka kushika breki. Yeye anasema pedi ni mpya.

Baada ya wiki 7 nina safari ya kilomita 2,400 na marafiki wawili. Mmoja amenipatia fundi kijana anayezijua pikipiki za aina hii. Yuko tayari kuichukua Jumatatu na kuirudisha kabla ya Jumapili. "Mzee hatajua," wananiambia. Binamu yangu ananionya kwamba nikimwambia mjomba haoni, nitamzika kabla ya siku zake.

Kuna daftari lake linaloning'inia kwenye msumari bandani. Kila kazi aliyoifanya kwenye pikipiki hii imeandikwa humo, kwa tarehe. Kurasa za zamani zina mwandiko mdogo, wa kubanana. Kurasa za mwaka huu, maneno manne yanajaza mstari mzima. Niliyatazama maandishi yale nikalia.

Niipeleke kimyakimya? Nimwambie? Au niipaki tu niachane nayo?

Mshika Taa

*

Dada Mshika Taa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeniletea matatizo mawili yaliyosokotwa pamoja na kufungwa utepe mmoja. Kuna mzee aliyekulea ambaye macho yanamtupa mkono na hataki mtu mwingine aguse kazi yake. Kuna pikipiki inayokuzimikia mahali ambapo kuzimika kunaweza kukuua. Wewe umeshaamua kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Huenda ni kweli kwa sehemu. Niruhusu nianze na pikipiki, kisha nimrudie mjomba.

Umeandika, kwa kupita tu, kwamba kila ikizima unafungua tangi kuangalia mafuta. Hapo ndipo kalamu yangu ilipopiga mstari. Je, unapofungua kifuniko unasikia sauti yoyote? Mlio mdogo wa hewa, kama mtu anayevuta pumzi?

Nauliza kwa sababu tangi nalo hupumua. Kadiri petroli inavyotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na kwenye pikipiki nyingi za umri huo inaingia kwa kitundu kwenye kifuniko. Kikizibwa na kutu na vumbi, ndani ya tangi kunabaki mvuto unaoing'ang'ania petroli isishuke. Injini haifi ghafla. Inakohoa, inavuta kidogo, inakohoa tena, halafu inazima, na taa zinaendelea kuwaka kwa sababu umeme haujakatika. Hayo ni maneno yako mwenyewe. Wewe ulidhani dakika 20 za kupoa ndizo zilizoiponya. Inawezekana kabisa uliiponya kwenye dakika ya kwanza, ulipofungua kifuniko, na zile dakika nyingine 19 ulinung'unika bure.

Siwezi kukuapia kwamba ni hilo. Chujio lililoziba, kutu ndani ya tangi au pampu iliyochoka vinaweza kuleta dalili zinazofanana. Ipo pia koili ndogo inayohisi mzunguko wa injini ili plagi zipige cheche kwa wakati. Ikizeeka hukata ikipata joto na kurudi ikipoa, ila hiyo kwa kawaida hukata ghafla, kama mtu aliyezima swichi. Kulijaribu la tangi hakuhitaji hata spana, lakini subiri kwanza lile la breki nitakalokuja kulisema. Breki ikishakuwa sawa, tafuta barabara tulivu, zunguka saa nzima ukiwa jirani na nyumbani, na ikianza kukohoa toka pembeni, fungua kifuniko huku umesogeza sikio, funga, na uiwashe hapohapo bila kusubiri ipoe. Ikiwaka na injini ingali ya moto, una jibu lako. (Asiwepo mvuta sigara karibu. Najua unajua, ila nimeshawaona wanaojua wakisahau.)

Sasa niulize jambo lisilopendeza kidogo. Mjomba uliwahi kumwambia kwamba huwa unafungua tangi kabla haijawaka? Pikipiki anaiona Jumapili bandani, ikinguruma imesimama dakika 10, na mafuta inayokunywa hapo ni kidogo mno kuweza kuonyesha tatizo la tangi. Hajawahi kuwa nawe kwenye dakika ya 40. Fundi yeyote, hata mwenye macho ya mwewe, angeanza na plagi na kabureta kama angeambiwa tu "inazima."

Nyaya za njano ni habari tofauti, nazo umezipata kweli. Hizo zinatoka kwenye koili ya chaji kwenda kwenye rektifaya, na soketi yake kuyeyuka ni ugonjwa wa kawaida wa mashine za umri huo, hata zisizoguswa na mtu. Shaba inaota kutu kidogo, kiungo kinaanza kuupinga umeme, na upinzani huzaa joto. Ampea 20 zikipita mahali penye ukinzani wa omu 0.1 tu, zinatoa joto la wati 40, ambalo ni la chuma kidogo cha kulehemu, na chuma hicho umekiwasha ndani ya plastiki. Volti 12.9 taa ikiwaka maana yake betri inapata makombo, kwa sababu betri iliyojaa, ikiwa imetulia tu, inasoma karibu 12.6, na mashine inayochaji vizuri hufika 13.8 hadi 14.5. Hapo unaanza kuelewa betri mbili zilikwenda wapi.

Lakini nani alizisokota? Hukuniambia kama daftari linasema. Inaweza kuwa mjomba mwaka huu, akipapasa. Inaweza kuwa mjomba miaka 12 iliyopita, usiku, kandokando ya barabara, akisema nitarekebisha kesho. Na usinikasirikie nikikukumbusha kwamba wa mwisho kuzisokota na kuzungusha utepe ni wewe, na macho yako ni mazima. Kiungo cha namna hiyo kitaungua tena, safari hii kwa mkono wako. Zinahitaji kukatwa hadi ilipo shaba inayong'aa, kuunganishwa kwa kulehemu na kuvikwa mpira unaonywea kwa joto. Baada ya hapo pima koili yenyewe: zikiwa zimetenganishwa na rektifaya na injini ikinguruma, umeme wa AC kati ya kila jozi ya nyaya uwe karibu sawa, na injini ikiwa imezimwa, kusiwe na njia ya umeme kati ya waya wowote na bodi. Jozi moja ikitofautiana sana na wenzake, koili imeungua, na kwenye baadhi ya pikipiki za aina yako koili hiyo haibadilishwi mpaka injini nzima ishushwe. Habari hiyo ni afadhali uipate leo kuliko wiki ya 6.

Yaliyobaki ni yale yaliyokutoa machozi, na siyapunguzi. Skrubu iliyobaki, hesi iliyolia, kipimo kilichorudi mfukoni: hayo ni mambo ya macho. La breki linanitia hofu kuliko yote. Gurudumu linalokaza baada ya kushika breki linaweza kuwa na pistoni zilizoota kutu kwenye kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi, au mpira wa kupitishia mafuta ya breki ambao kwa uzee umevimba ndani na kuyashikilia mafuta yasirudi. Kwa nje unaonekana mzima. Pedi mpya hazikwambii lolote kuhusu hilo. Mafuta yenyewe ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na ndiyo maana hubadilishwa takriban kila miaka 2. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya unyevu kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Kwa pikipiki ya kilo 300 inayoteremka mlima huku breki inajishika yenyewe, sipendi hesabu hiyo. Mimi nisingekuwa na amani ukiiendesha, hata kwenda jirani, kabla mtu anayeona hajaifungua breki ile.

Haya, mjomba.

Lile daftari limekuliza kwa sababu uliona mtu anayefifia. Mimi nikaona mtu anayejua. Mtu asiyetambua kwamba macho yamepungua huendelea kuandika kidogo, kisha analalamika kwamba kalamu siku hizi ni mbovu. Aliyekuza herufi amezikuza ili kesho aweze kuzisoma. Binamu yako anakuonya usimwambie haoni, kana kwamba ndiyo habari mpya nyumbani kwenu. Nadhani asichokijua mjomba ni kwamba wewe umeshajua. Anakuficha, na tangu wiki mbili zilizopita wewe nawe unamficha, kwa utepe mweusi uleule.

Na jambo jingine umelipita kama vile limekwisha: macho yenyewe. Kuna mtu aliyeyapima? Barua yako inalichukulia kama uzee tu, lakini uzee si jina la ugonjwa. Ikiwa ni mtoto wa jicho, upasuaji huondoa lenzi iliyofifia na kuweka nyingine, na wengi hurudi kuona. Ikiwa ni miwani, ni miwani. Ikiwa ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, ila tiba inaweza kukizuia kilichobaki kisipotee, na hapo kila mwezi una maana yake. Mzee wa aina yake anaweza kukasirika ukimtajia hospitali katikati ya kazi. Wengine huitikia vizuri zaidi wakiombwa kusindikiza: "Nakwenda kupima macho kabla ya safari, twende wote."

Kuhusu fundi kijana. Naelewa utamu wa mpango ule: Jumatatu inaondoka, Ijumaa inarudi imepona, hakuna aliyelia. Ila fundi wa miaka 40 huitambua kazi ya mwenzake kwa namna utepe ulivyokatwa tu, na asipoiona ataigusa. Atajua kwamba umemhukumu bila kumsikiliza, na atajua bandani, peke yake. Hata kwa upande wa ufundi, kijana atapokea mashine bila historia. Kama injini yako ni ya zile zenye mikanda ya taimingi ya mpira, ile inayozifanya vali zifunguke kwa wakati, itabidi ajue ilibadilishwa lini, kwa sababu mkanda wa mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imesimama, na ukikatika, kwenye injini nyingi vali hugongana na pistoni. Tarehe hiyo iko wapi? Kwenye msumari, bandani kwa mjomba. Upande wa pili, kijana anaona, na kwenye breki kuona ni nusu ya kazi. Kwa hiyo simtoi kwenye hesabu. Najiuliza tu kama lazima aingie kwa mlango wa nyuma. Kwenye matengenezo ya ndege, kazi iliyogusa mifumo ya kuongozea hukaguliwa upya na mtu wa pili, na hakuna fundi wa ndege anayeona ametukanwa.

Kumwambia wazi nako kuna hatari yake. Akijisikia amevuliwa ufundi mbele ya mtoto aliyemlea, anaweza kufunga banda na kunyamaza miezi. Au anaweza kukana, na Jumapili inayofuata akashika spana kwa hasira ili akuthibitishie. Ukichagua njia hiyo, pengine lori lina nguvu kuliko macho. Ulimwambia habari ya lori? Sikuona mahali uliposema umemwambia. Neno "niliogopa" ni rahisi kumezwa na mzee kuliko "huoni."

Ipo pia njia ya kubadilishana viti, yeye ashike taa nawe ushike spana. Wewe unasoma kipimo, yeye anasema mwanya uwe kiasi gani. Wewe unasoma zile tarakimu 4 ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka, yeye anaamua kama mpira huo bado ni wa kuaminiwa. Inavutia, na naona wazi unavyoweza kuipenda. Lakini hatari yake ni kwamba mnaweza kuitumia kuendelea kufichana kwa adabu, macho yasipimwe, na mambo ambayo wewe hujui kuyatambua yakapita mbele ya wote wawili.

Kuhusu ile ahadi, nina swali moja tu. "Mtu mwingine asiifungue." Wiki mbili zilizopita uliifungua. Ulijiona umevunja ahadi? Kama hukujiona hivyo, basi ndani yako unajua kwamba baada ya miaka 30 ya kushika taa wewe si mtu mwingine, na ni vyema kumuuliza yeye kama naye anakuhesabu hivyo, na "mwingine" anaanzia wapi: kwa mgeni, au kwa mgeni anayefanya kazi yeye akiwa amekaa pembeni kwenye kiti?

Safari ya kilomita 2,400 sina la kuiamulia. Wiki 7 zinatosha kwa kifuniko cha tangi, nyaya na breki. Huenda zisitoshe kwa koili iliyoko nyuma ya injini, wala kwa mzee kuzoea kusema jambo ambalo amelinyamazia mwaka mzima. Marafiki zako wamekuandalia fundi; waulize pia kama wanaweza kusogeza tarehe.

Ukishaunganisha zile nyaya, pima tena kwa mizunguko ileile 3,000, taa kubwa ikiwaka, uniandikie umepata volti ngapi. Na uniambie tangi lilikujibu nini ulipolisogezea sikio.

Wako,
Mshauri